Mabango ya katuni ya kuwasihi abiria wawe waungwana: London, New York na Tokyo. Nani alikuwa anachekwa?

Mtoa mada

Wanajamvi, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiyatazama mabango ya zamani ya katuni ambayo mashirika ya treni na mabasi yaliyabandika ili kuwasihi abiria wasisukumane, wasizibe milango, wasitupe taka na wasijitandaze kwenye viti vya wenzao. Kila ninapokutana na bango jipya najikuta nauliza swali lile lile: katika mchoro huu, anayechekwa ni nani? Nina imani kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya mabango hayo yalipendwa na watu, ilhali mengine yalijibiwa kwa penseli na abiria wenyewe.

Nianze na London wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa huko mifano miwili inayopingana ilibandikwa katika mji mmoja, kwa watu wale wale, na shirika lile lile. Usafiri wa umma wa London uliwekwa chini ya bodi moja mwaka 1933, na vita vilipoanza Septemba 1939 mji ulilazimika kuzima taa usiku ili ndege za adui zisiuone. Abiria aliyetoka kwenye stesheni ya chini ya ardhi, iliyokuwa na mwanga, aliingia ghafla katika giza tororo, na kuvuka barabara au kusimamisha basi kukawa jambo la hatari. Hivyo basi, mwaka 1940 akazaliwa mhusika wa katuni aliyeitwa Billy Brown, kazi ya mchoraji David Langdon. Alikuwa bwana nadhifu mwenye kofia ya duara, koti jeusi, suruali yenye mistari na mwavuli mkononi, na maneno yake yote yaliandikwa kwa mashairi mafupi yenye vina. Billy Brown hakosei kamwe. Akitoka stesheni anasimama kwanza ili macho yake yazoee giza, na anajua kila linalopasa kutendwa kabla wewe hujaambiwa.

Tatizo likawa hapo hapo. Madirisha ya mabehewa na mabasi yalibandikwa wavu wa kitambaa ili bomu likilipuka karibu, vipande vya kioo visiwarukie abiria, na katikati ya wavu kukaachwa nafasi ndogo tu ya kuchungulia. Watu wakawa wanaubandua kwenye kona ili waone wamefika wapi. Katika bango moja, Billy Brown anamwomba radhi abiria mmoja kwa kumsahihisha, kisha anamweleza kuwa wavu ule upo kwa usalama wake. Abiria wakaongeza mistari yao miwili chini ya shairi: wanamshukuru kwa taarifa, lakini stesheni hawaioni, na neno la stesheni wakalitanguliza na tusi dogo la Kiingereza. Jibu hilo limedumu katika kumbukumbu kuliko mashairi mengi ya Billy Brown mwenyewe.

Sasa mlinganishe na mchoraji mwingine wa mabango ya wakati ule, Fougasse. Jina lake halisi lilikuwa Cyril Kenneth Bird, alizaliwa mwaka 1887, akasomea uhandisi, na mwaka 1915 akajeruhiwa vibaya uti wa mgongo vitani huko Gallipoli, Uturuki. Alipokuwa akiuguza jeraha hilo ndipo alipoanza kuchora kwa dhati. Jina la kalamu alilojichagulia ni la aina ya bomu dogo la kufukiwa ardhini, ambalo huenda likalipuka au lisilipuke, jambo ambalo naliona kuwa ni unyenyekevu mzuri kwa mtu anayetunga vichekesho. Michoro yake ina mistari michache sana, kiasi kwamba mtu mzima anakamilika kwa mikwaruzo saba au minane, uso ukiwa nukta mbili na pua, lakini mara moja unajua kwamba huyu ana haraka, yule amechoka, na wa tatu anajifanya hakuona. Nafasi nyeupe aliyoiacha kuzunguka mchoro ni kubwa kuliko mchoro wenyewe.

Bango lake ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1940, katika ule mfululizo wa kuwaonya raia wasiropoke habari za vita. Kina mama wawili wameketi katika chombo cha usafiri wakipiga soga kwa raha zao, na kwenye kiti cha nyuma yao wametulia Hitler na Göring, mkuu wa jeshi lake la anga, wakisikiliza. Hakuna anayekemewa. Kina mama wale ni wa kawaida kabisa, tena wanapendeza, na ungetamani kuketi nao usikie mwisho wa hadithi. Anayechekesha ni Hitler aliyekodolea macho kama abiria yeyote anayejaribu kusoma gazeti la jirani. Fougasse alizifanyia wizara kazi za aina hiyo bila kudai malipo, na karibu na mwisho wa vita alilichorea shirika la usafiri la London mabango kuhusu mambo madogo madogo kama vile kusogea mbele kwenye jukwaa la treni na kusimama upande wa kulia kwenye ngazi za umeme.

Baada ya vita alieleza falsafa yake, na nitaifupisha kwa maneno yangu. Bango la umma lina vizingiti vitatu vya kuvuka. Kwanza, watu hawapendi kusoma tangazo lolote. Pili, hata wakilisoma hawaamini kwamba linawahusu wao. Tatu, hata wakiamini, hawalikumbuki kwa muda wa kutosha ili wafanye jambo. Hicho kizingiti cha pili ndicho Billy Brown alichojikwaa, kwa sababu mtu akikemewa hutafuta haraka jirani anayestahili lile kemeo.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wanaoijua miji mingine.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, ahsante kwa uzi. Nimecheka peke yangu hapa kwa lile jibu la abiria. Kwa vile mashairi ya Billy Brown yalikuwa na vina, nimejaribu kuyaweka mabishano hayo katika vina na mizani ya kwetu. Ni tafsiri huru, mnisamehe:

*Wavu huu dirishani, ni kinga usibandue.*
*Asante, ila jamani, vipi kituo nijue?*

Ningeongeza jambo moja. Umesema Billy Brown alishindwa kwa sababu anakemea, lakini nadhani hata umbo la shairi lilichangia. Shairi lenye vina linaalika jibu, na sisi tuliolelewa na ushairi wa kujibizana tunalijua hilo vizuri: ukimpa mtu ubeti, umempa na kipimo cha kukujibu. Kama maneno yale yangeandikwa kwa nathari kavu ya ofisini, abiria angeyapuuza tu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba bango lile lilishindwa kabisa, maana mtu aliyechukua penseli akatunga mistari miwili yenye vina sahihi alikuwa amelisoma neno kwa neno na amelielewa.

Mtoa mada

Hoja yako naikubali, tena ubeti wako umekaa vizuri kuliko wa Kiingereza. Kwa kipimo cha Fougasse tungesema Billy Brown alivuka kizingiti cha kwanza kwa kishindo, akaanguka katika cha pili.

Mchangiaji wa 2

Ndugu mtoa mada, mimi nitapingana nawe kidogo, na naomba nisieleweke vibaya kwa kuwa michoro hiyo naipenda pia. Swali lako ni nani anayechekwa. Swali langu ni nani aliyelipia bango.

Chukua New York. Mwaka 1918 kampuni binafsi iliyoendesha treni za chini ya ardhi ilianza kubandika ndani ya mabehewa mabango yaliyofanana na ukurasa wa mbele wa gazeti, yakiitwa The Subway Sun. Aliyeyabuni alikuwa Ivy Lee, mtu ambaye anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa kazi ya uhusiano wa umma. Nauli ilikuwa senti 5, kampuni ilitaka ipandishwe, na gazeti lile la ukutani likawa chombo chake cha kumshawishi abiria kwamba kampuni inateseka. Adabu na ushawishi vilitoka kwenye karatasi moja, kwa sauti moja ya upole. Mji ulizichukua treni hizo mwaka 1940, na nauli ikapanda kufikia senti 10 mwaka 1948, lakini mabango yaliendelea kwa jina lile lile.

Ndipo ninaposema kwamba bango la adabu lina kawaida ya kuugeuza upungufu wa shirika kuwa kosa la abiria. Behewa likiwa na watu mara mbili ya uwezo wake, bango halisemi kwamba treni ni chache, bali linasema usisukume. Juzi juzi nilikuwa ndani ya basi katika mji mmoja wa kwetu, nimebanwa kiasi kwamba mkono wangu mmoja ulikuwa juu nimeshika bomba na mwingine sijui ulipokuwa. Juu ya dirisha palikuwa na kibandiko cha kutukumbusha tuwapishe wazee na wajawazito, na mzee mmoja alikuwa amesimama chini yake, kichwa chake kimekiziba kibandiko chenyewe, hivi kwamba waliokuwa wameketi walisoma nusu tu ya maneno. Kupishana kwenyewe kusingewezekana, kwa kuwa aliyeketi asingeweza kuinuka. Konda naye alikuwa anaita kwamba nyuma kweupe.

Mchangiaji wa 3

Mkuu hapo juu, historia yako ya The Subway Sun ni sahihi, lakini umeiacha njiani kabla haijafika penye utamu. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1966 mchoraji wake alikuwa mwanamke, Amelia Opdyke Jones, aliyetia sahihi kwa jina fupi la Oppy. Miaka ishirini, mamilioni ya watu wakitazama kazi yake kila asubuhi kwa sababu ndani ya behewa hapakuwa na kingine cha kutazama isipokuwa uso wa mtu wa mbele, na kumkodolea macho mgeni ni utovu wa adabu mwingine.

Oppy ndiye anayetajwa sana kwa kulitia neno "litterbug" katika vinywa vya Wamarekani mnamo mwaka 1947. Neno hilo limejengwa kwa kuunganisha taka na mdudu, na sauti yake ilikumbusha "jitterbug", dansi iliyokuwa imetia wazimu vijana wa zama hizo. Tazameni ujanja wake: hakumwita mtupa taka mchafu wala mshenzi, alimpa jina la mdudu mchangamfu mwenye mdundo wa dansi, jina ambalo mtoto angelipenda na angemtania nalo baba yake akidondosha karatasi. Neno likatoka kwenye treni likaenda barabarani, kwenye bustani na hatimaye kwenye kamusi. Hicho ni kizingiti cha tatu cha Fougasse, kile cha kukumbuka, kikivukwa kwa neno moja.

Kwa hiyo, ndugu, aliyelipia bango anaweza kuwa na nia yake, na mchoraji akawa na ya kwake.

Mchangiaji wa 4

Wadau, uzi wa namna hii hauwezi kufungwa bila Tokyo. Nimewahi kuishi Japani kwa masomo, na huko nilikutana na kazi za Hideya Kawakita, aliyeliandalia shirika la treni za chini ya ardhi la Tokyo la wakati ule mabango ya adabu kuanzia mwaka 1974 hadi 1982, bango jipya karibu kila mwezi. Shirika hilo liliundwa mwaka 1941 na likageuzwa kuwa Tokyo Metro mwaka 2004, ila mabango yake bado yanazungumzwa kana kwamba yalibandikwa jana.

Nitaeleza mawili tu, kwa kuwa yanagusa mchezo wa maneno, na mchezo wa maneno ndio unaotuponyoka tunapotazama picha pekee. La kwanza ni la Julai 1976. Linamwonyesha Charlie Chaplin katika sura ya yule dikteta wa filamu yake ya mwaka 1940, amejikalia kwa kujitandaza akichukua nafasi ya watu wengine kwenye kiti. Kwa Kijapani dikteta ni "dokusaisha", na mtu anayehodhi kitu peke yake ni "dokusensha". Ukibadili silabi moja katikati, mtawala wa mabavu anakuwa abiria aliyekalia nafasi ya wenzake. Bango halihitaji kusema zaidi.

La pili linahusu miavuli inayosahauliwa ndani ya treni, jambo ambalo ni balaa katika majira ya mvua ya Japani. Yupo Marilyn Monroe, na maneno yanamaanisha "mwavuli usiorudi". Mto kwa Kijapani ni "kawa" na mwavuli ni "kasa", na Wajapani wote wa umri fulani waliijua filamu yake ya mwaka 1954 kuhusu mto usiorudi. Abiria anasoma, anatabasamu, kisha mkono unashuka wenyewe kutafuta mwavuli pembeni ya kiti.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Mwanamke akivaa kanga yenye maneno makali na kupita mbele ya jirani yake hajamtaja mtu, na mwenye kuguswa anajijua. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Bango la Kawakita ni fumbo, na anayelifumbua anajisikia mwerevu, na mtu aliyejisikia mwerevu hakasiriki.

Mchangiaji wa 2

Mfano wa kanga umenikuna, lakini unaniunga mkono mimi. Kanga inamchoma jirani sawasawa, tena kuliko kemeo la wazi. Anayefumbiwa anaweza kukasirika kupita kiasi, na magomvi ya mitaani yaliyoanzia kwenye upindo wa kanga hayahesabiki.

Mchangiaji wa 4

Ni kweli, ila tofauti iko hapa: kanga ina mlengwa mmoja na mtaa mzima unamjua. Bango la treni lina walengwa elfu, kwa hiyo hakuna aliyeaibishwa mbele ya watu. Chaplin ndiye aliyebeba aibu yote badala yetu.

Mtoa mada

Mchangiaji wa 4 amelisema lile nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo, na kwa ufupi kuliko mimi. Katika mabango yaliyopendwa, yuko mtu wa tatu anayebeba aibu: Hitler nyuma ya kina mama, mdudu wa Oppy, dikteta wa Kawakita. Katika bango la Billy Brown hayupo. Pale wapo wawili tu, mwema na mkosaji, na wewe msomaji unafahamu fika kwamba hujapewa nafasi ya mwema.

Kwa mchangiaji wa 2 nakiri kwamba hoja ya nani amelipia sikuwa nimeipa uzito. London wakati wa vita kweli kulikuwa na uhaba wa mafuta, magari na wafanyakazi, na kumwomba abiria asogee ndani kulikuwa njia rahisi ya kupata nafasi ambayo shirika halikuwa nayo. Lakini hata hapo naona tofauti kati ya ombi na kisingizio. Mahali ambapo treni haziwezi kuongezwa kwa sababu mabomu yanaanguka, kusogea hatua mbili mbele ni msaada halisi kwa anayebaki nje mlangoni. Mahali ambapo mabasi yangeweza kuongezwa na hayaongezwi, katuni nzuri kiasi gani haitamwondolea mzee wako ile adha ya kusimama chini ya kibandiko. Katika hilo tuko pamoja.

Mchangiaji wa 5

Samahanini kwa kuingia nimechelewa. Mtu wa tatu anayebeba aibu nimemwona Paris. Kwenye milango ya metro kuna kibandiko cha sungura aliyebanwa vidole na mlango, kinachowaonya watoto wasiweke mikono pale. Kilichorwa kwanza mwaka 1977 na Anne Le Lagadec, na mwaka 1986 sungura akachorwa upya na Serge Maury. Mtoto hajaambiwa kwamba yeye ni mtundu. Ameonyeshwa sungura aliyeumia, na huruma inafanya kazi iliyobaki.

Nina swali kwa mliotembea: mabango haya ya karatasi yanaweza kuonekana wapi leo, au tumebaki na picha za intaneti tu?

Mchangiaji wa 3

Kwa London, nenda makumbusho ya usafiri yaliyoko Covent Garden, ambayo yana hazina kubwa sana ya mabango, ya Fougasse na ya Langdon yakiwemo. Kwa New York, makumbusho yako Brooklyn, na jengo lenyewe ni stesheni ya kweli ya chini ya ardhi iliyofungwa mwaka 1946, mwaka ule ule Oppy alipoanza kazi, ikafunguliwa tena kama makumbusho mwaka 1976. Unashuka ngazi kama abiria, unakuta mabehewa ya zamani yamesimama kwenye reli zake pande zote mbili za jukwaa, milango wazi. Unaruhusiwa kuingia na kuketi. Mimi niliketi karibu nusu saa nikisoma matangazo ya juu ya madirisha, hadi mtoto mmoja aliponiomba nisogee kidogo ili na yeye apate kukaa.